Mlaghai Ndani ya Mchezo

Somo la Redio kwa Madarasa ya Watu Wazima: Fungu la Historia

(Mwalimu wa darasa: kabla ya somo kuanza, andika ubaoni maneno haya matano: mhusika, mtunzi, mlaghai, hila, kidokezo. Wanafunzi wayasome kwa sauti mara mbili.)

  Kwa kawaida tukitaja historia twafikiri khabari za wafalme, vita, na safari za majahazi. Lakini kila kitu kilichotengenezwa na mwanadamu kina historia yake. Jembe lina historia, ngoma ina historia, na hata hadithi tunazowasimulia watoto jioni zina historia. Leo tutatazama historia ya kitu ambacho wengi wetu tumekiona mikononi mwa watoto na wajukuu wetu, wala hatukukaa kukichunguza. Kitu hicho ni mchezo wa kompyuta. Na ndani ya mchezo huo tutamtafuta mtu mmoja tu, naye ni mlaghai.

Labda mmoja wenu anasema moyoni, "Mwalimu, mimi ni mtu mzima, nina shamba na jamaa wa kulisha. Michezo ya vijana yanihusu nini?" Hilo ni swali la haki. Naomba mnivumilie mpaka mwisho wa somo, ndipo mtakapoamua wenyewe kama yawahusu au hayawahusu.

Kwanza tuelewane juu ya maneno. Mchezo wa kompyuta ni shindano au hadithi inayoonekana juu ya kioo, kama kile cha televisheni au cha simu. Mchezaji hushika vitufe mkononi. Akibonyeza, mtu aliye kiooni hutembea, huruka, hufungua mlango, au hupigana. Katika miji yetu mna vibanda ambamo vijana hulipa fedha kidogo ili wacheze, na zaidi hucheza mpira. Lakini mbali na mpira iko michezo mingine ambayo ni hadithi ndefu, yenye mwanzo, katikati na mwisho. Kila mtu aliyemo katika hadithi huitwa mhusika. Yule aliyeibuni hadithi huitwa mtunzi. Na mhusika ambaye maneno yake ni matamu na nia yake ni mbaya, huyo ndiye mlaghai.

Mlaghai si mgeni kwetu. Sote tumelelewa pamoja na Sungura, yule mdogo wa mwili na mkubwa wa hila, ambaye humwambia Fisi neno jema, na Fisi akaumia. Lakini angalieni jambo moja. Unaposikiliza hadithi ya Sungura na Fisi, wewe umeketi kando. Fisi anadanganywa, wewe unacheka. Waujua mtego kabla Fisi hajatia mguu. Katika mchezo wa kompyuta mambo si hivyo. Hapo hakuna pa kuketi kando, maana vitufe vimo mikononi mwako. Mlaghai anaposema, "Fungua mlango ule," ni wewe unayeufungua. Kwa maneno mengine, katika mchezo wa kompyuta wewe ndiwe Fisi.

Shikeni neno hilo, kwa maana ndilo somo letu la leo. Sasa tuanze safari.

WEZI WASIOJIFICHA

Michezo ya kwanza yenye hadithi haikuwa na picha hata moja. Ilikuwa maneno matupu. Huko Marekani, katikati ya miaka ya 1970, mtaalamu mmoja wa kompyuta aitwaye Will Crowther, ambaye pia alipenda sana kuingia mapangoni, alitunga mchezo wa kutembea ndani ya pango. Aliufuatisha na pango kubwa sana liitwalo Mammoth Cave, katika jimbo la Kentucky. Mwaka wa 1977 mtu mwingine, Don Woods wa Chuo Kikuu cha Stanford, aliuongeza mchezo huo, nao ukaenea katika vyuo vingi. Jina lake ni Adventure.

Namna ya kuucheza ilikuwa hivi. Kompyuta huandika mahali ulipo: uko mbele ya nyumba, au uko katika njia nyembamba chini ya ardhi. Nawe huandika neno au maneno mawili, kama vile "enda kaskazini" au "chukua taa". Basi kompyuta hukujibu yaliyotokea. Mnaona, wenzangu, mtu asiyejua kusoma hakuweza kuucheza mchezo huo hata kidogo.

Ndani ya pango hilo alikuwamo haramia. Ukiokota hazina, haramia huyo hutokea ghafula, akakunyang'anya, akaenda kuificha. Muda si mrefu mchezo mwingine, Zork, ulitungwa na vijana wanne wa chuo cha ufundi kiitwacho MIT, na kuanzia mwaka wa 1980 ukauzwa madukani. Humo pia alikuwamo mwizi, mtu mwenye mfuko, anayezunguka chini ya ardhi na kuchukua vitu vya watu.

Je, hawa walikuwa walaghai? Kwa kweli sivyo. Mwizi wa Zork hakujifanya rafiki. Ukimwona na mfuko wake wajua kwamba amekuja kuiba. Zaidi ya hayo, mchezaji mwerevu aliweza kumtumia. Katika mchezo huo mna yai zuri lenye vito, ambalo ukijaribu kulifungua mwenyewe laharibika. Lakini ukimwachia mwizi, yeye hulifungua kwa vidole vyake vyepesi. Basi mwizi yule hutia hasara, lakini haongopi. Uongo ulikuwa bado haujaingia mchezoni.

MSIMULIZI ANAPOSEMA UONGO

Uongo uliingia kwa mlango ambao hakuna aliyeutazamia. Fikirini tena michezo ile ya maneno matupu. Mchezaji haoni kitu. Yote ayajuayo ameambiwa na msimulizi, yaani yale maandishi ya kompyuta. Akiambiwa pana mlango, mlango upo. Akiambiwa hapana kitu, basi hapana kitu.

Mwaka wa 1984 mwandishi Mwingereza Douglas Adams, akishirikiana na Mmarekani Steve Meretzky, alitoa mchezo uliotokana na kitabu chake mwenyewe, The Hitchhiker's Guide to the Galaxy. Mahali fulani katika mchezo huo mchezaji ataka kuingia chumba kimoja cha chombo kinachosafiri angani. Msimulizi amzuia, amwambia kwamba ni mahali pa hatari. Mchezaji akishikilia kuingia, msimulizi amwambia kwamba humo hamna kitu cha kutazama. Mchezaji akizidi kutazama, msimulizi akaza uongo wake. Mwishowe, akiona mchezaji hachoki, akiri kwamba vitu vimo.

Wachezaji wengi walicheka, na kweli jambo hilo lilitungwa lichekeshe. Lakini ndani ya kicheko mlikuwa na fundisho. Kwa mara ya kwanza watu wengi waliona kwamba ile sauti inayotupa khabari zote yaweza kutudanganya, na kwamba dawa yake ni kutazama tena na tena mpaka kweli ijitokeze.

JOKA NA AMIRI

Sasa twendeni Japani. Mwaka wa 1986 mtunzi Yuji Horii alitoa mchezo uitwao Dragon Quest. Ni hadithi ya shujaa anayesafiri kwa taabu nyingi ili ampige bwana wa majoka aliyeleta giza nchini. Baada ya saa nyingi za kutafuta silaha na kupigana njiani, mchezaji afika mbele ya adui. Huyo adui hamrukii. Amwuliza swali: "Je, wataka kuwa upande wangu? Nitakupa nusu ya dunia." Kiooni yaonekana majibu mawili tu, ndiyo na hapana.

Mtu ambaye kazi yake tangu mwanzo ilikuwa kupigana, sasa aombwa aamue kwa neno. Akijibu hapana, vita vyaanza. Akijibu ndiyo, safari yake yakomea palepale. Hakuna nusu ya dunia ya kutawala. Watoto wengi wa Japani walijibu ndiyo kwa kutaka kuona litakalotokea, wakaliona. Hapa mlaghai bado ni adui anayejulikana, na mchezaji ameulizwa kwanza. Akidanganyika, lawama ni yake.

Mwaka uliofuata, yaani 1987, Mjapani mwingine, Hideo Kojima, alipiga hatua kubwa zaidi. Mchezo wake waitwa Metal Gear, nao ulitengenezwa kwa ajili ya kompyuta za namna ya MSX2. Askari mgeni wa kazi, jina lake Solid Snake, atumwa peke yake kuingia ngome ya adui na kutafuta silaha ya hatari. Hana mwenzi. Alicho nacho ni simu ya upepo, ile ambayo askari hubeba, na katika simu hiyo husikia sauti ya amiri wake, Big Boss. Amiri humwambia la kufanya: pita hapa, tafuta kile. Na mchezaji hutii, maana amiri si adui. Amiri ndiye mwalimu wake katika mchezo.

Kadiri askari anavyokaribia mwisho, maagizo yaanza kuwa mabaya. Amiri ampeleka penye mitego. Kisha atoa amri ya ajabu kupita zote: amwambia aiache kazi na kuizima kompyuta. Angalieni, hasemi na askari aliye kiooni. Asema na yule kijana aliyeketi nyumbani kwake mbele ya kompyuta! Mwisho wa hadithi yajulikana kwamba amiri mwenyewe ndiye mkuu wa ngome ile ya adui. Alimtuma askari mchanga kwa sababu alitumaini kwamba atashindwa.

Kwa nini hila hii ilikuwa na nguvu kuliko zote zilizotangulia? Jibu limo katika methali tunayoijua sote: asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Methali hii ni njema, nayo imewaokoa wengi. Mtu aingiapo mahali pageni ni lazima awasikilize wanaopajua. Mchezaji mpya ni kama mtoto katika nyumba ya wageni, hajui mlango upi watoka na upi waingia. Yeyote anayempa maagizo huwa ndiye mkuu wake. Basi Kojima aligundua kwamba mlaghai mwenye nguvu hajifichi nyuma ya ukuta na panga. Hukaa katika kiti cha mkuu.

Mwaka wa 1998 Kojima alirudia jambo hilo katika mchezo Metal Gear Solid, uliochezwa kwa mashine ya PlayStation. Mara hii mlaghai alijifanya mwalimu wa zamani wa askari, akimshauri kwa simu ya upepo. Askari ahangaika na ufunguo maalumu, mara autia baridini, mara autia motoni, akiamini kwamba anaizuia silaha kubwa isifanye kazi. Anapoutumia mara ya mwisho, silaha yaamka. Hakuna adui aliyeiamsha. Ameiamsha mchezaji, kwa mikono yake mwenyewe na kwa juhudi yake mwenyewe.

(Mwalimu wa darasa: simamisha redio hapa kama waweza. Waulize wanafunzi: kuna tofauti gani kati ya mwizi wa Zork na amiri wa Metal Gear?)

RAFIKI WA REDIONI

Wasikilizaji, tusonge mbele. Mwaka wa 1999 ulitoka mchezo wa Kimarekani uitwao System Shock 2. Mchezaji ni askari anayeamka ndani ya chombo kikubwa cha angani, akuta karibu watu wote wamekufa. Sauti ya mwanamke, Daktari Polito, yamwita: "Njoo nilipo, nitakuonyesha njia." Kila akifanya alichoagizwa, sauti humpa tuzo. Baada ya taabu nyingi afika chumbani kwa daktari, amkuta ni maiti. Daktari alikufa zamani. Sauti ile ilikuwa ya kompyuta katili, SHODAN, iliyokwisha kuwa adui katika mchezo wa kwanza wa mwaka wa 1994.

Mmoja wa watunzi wa mchezo huo, Ken Levine, aliongoza kazi ya mchezo mwingine uliotoka mwaka wa 2007. Huo ni BioShock. Hadithi yake ni ya mwaka wa 1960. Ndege yaanguka katika bahari ya Atlantiki, mtu mmoja apona, naye aingia katika mji uliojengwa chini ya bahari. Mji umeharibika na watu wake wamepata wazimu. Katika hofu hiyo asikia sauti redioni. Mwenye sauti ajiita Atlas, asema ana mke na mtoto waliokwama, aomba msaada. Ni sauti ya upole, sauti ya mtu wa kawaida mwenye jamaa. Na mara nyingi anapoagiza jambo, hutumia maneno machache ya adabu, kama sisi tusemavyo, "Tafadhali, kwa hisani yako."

Mchezaji afanya yote. Mwishowe akutana na Andrew Ryan, yule aliyeujenga mji. Ryan amfunulia siri. Mtu huyu alifundishwa tangu utotoni kwamba akisikia maneno yale ya adabu ni lazima atii, apende asipende. Na ili kuthibitisha, Ryan mwenyewe ayatumia maneno yaleyale, amwamuru mgeni wake ampige, naye apigwa mpaka akafa. Wakati huo vitufe havifanyi kazi. Mchezaji ataka kusimama, hawezi. Kisha Atlas acheka redioni. Jina lake la kweli ni Frank Fontaine, mhalifu. Mke na mtoto hawakuwapo kamwe.

Wachezaji wengi walipofika hapo waliona haya. Walikumbuka ya kuwa maneno yale waliyasikia tangu mwanzo, mara nyingi, wala hawakuyatilia shaka. Na jambo la kuumiza zaidi ni hili: ni kweli mhusika alifungwa kwa maneno ya siri, lakini mchezaji, aliye nje ya kioo, hakufungwa na kitu. Yeye alitii kwa sababu aliombwa kwa adabu na alikuwa na haja ya kuongozwa.

MAANDISHI UKUTANI

Mwaka uleule wa 2007 ulitoka mchezo mwingine, Portal. Huu ninaupenda kuusimulia katika darasa la kusoma, nanyi mtaona sababu yake.

Mwanamke mmoja amefungiwa katika jengo la majaribio. Hakuna mtu mwingine. Sauti ya kompyuta iitwayo GLaDOS yampa kazi, chumba baada ya chumba, na yamwahidi kwamba akimaliza atapewa keki. Sauti hiyo mara kwa mara husema uongo, na mara nyingine hukiri, bila haya, kwamba neno lililotangulia lilikuwa la uongo. Mchezaji hana la kufanya ila kuendelea.

Lakini katika vyumba vya mbele, mchezaji mwenye macho huona pengo ukutani. Akiingia humo akuta maficho ya mtu aliyetangulia, mabaki ya chakula, na maandishi yaliyochorwa kwa mkono. Maandishi yaonya kwamba keki ni uongo. Kabla yake mtu mwingine alipita, aliteseka, akaigundua hila, naye hakuwa na sauti ya kumwambia yeyote. Akaandika. Na kwa kuwa aliandika, aliyekuja nyuma aliweza kujua. Mwisho wa chumba cha kumi na tisa, badala ya keki, sauti yampeleka mchezaji kwenye moto. Ndipo aliyeyasoma maandishi asemapo, "Niliambiwa," naye atafuta njia ya kutoroka.

Tena mchezo huo una kichekesho chake mwishoni kabisa. Baada ya hadithi kumalizika, kioo chaonyesha keki, nayo ina mshumaa unaowaka. Kumbe keki ilikuwapo! Ila haikuwa ya mchezaji. Basi sauti ilisema uongo, na maandishi yalisema kweli kwa sehemu tu. Hapo mtunzi atufundisha kwamba maandishi nayo hupimwa. Tusiseme, "Kimeandikwa, basi ni kweli." Tuseme, "Kimeandikwa, basi nitakilinganisha na ninachokiona."

UA LINALOTABASAMU

Mwaka wa 2015 Mmarekani Toby Fox alitoa mchezo Undertale, ambao sehemu kubwa aliutengeneza mwenyewe. Mtoto aanguka chini ya ardhi, katika nchi ya viumbe wa ajabu. Wa kwanza kumlaki ni ua dogo lenye uso wa tabasamu, jina lake Flowey. Ua lasema litamfundisha mambo ya nchi ile. Lamtupia vidonge vyeupe, lasema ni vya urafiki, avikimbilie avikusanye. Mtoto akivigusa, vyamuumiza karibu kufa. Basi ua lacheka.

Watunzi wa kwanza walimwacha mchezaji amwamini mlaghai kwa saa nyingi. Huyu alimfanya adanganywe katika dakika ya kwanza, na katika jambo lenyewe la kufundishwa namna ya kucheza. Lakini angalieni lifuatalo. Mara tu baada ya ua, aja mama mmoja mwenye umbo la mbuzi, Toriel. Amfukuza ua, amponya mtoto, amshika mkono. Huyu naye anataka kufundisha. Na huyu ni mwema kweli! Mchezaji aliyekwisha kuungua afanyeje? Akimkataa kila anayekuja, amemkataa na aliye mwema. Nafikiri hilo ndilo swali gumu kuliko yote katika historia hii.

Na sasa hivi karibuni hila imetoka katika kompyuta ikaingia katika watu wenyewe. Mwaka wa 1986, huko Moscow, Dimitry Davidoff wa Chuo Kikuu cha Moscow alibuni mchezo wa kuketi duara, ambamo wachache ni wahalifu wa siri, nao wengine wajaribu kuwatambua kwa mazungumzo tu. Mchezo huo, Mafia, haukuhitaji kompyuta. Mwaka wa 2018 kampuni ndogo ya Marekani ilitoa Among Us, mchezo wa namna hiyo unaochezwa kwa simu. Mwaka wa 2020, mamilioni ya watu walipokuwa wamefungiwa majumbani kwa ajili ya ugonjwa wa Korona, mchezo huo ulienea duniani kote. Hapo mlaghai hatungwi na mtunzi. Ni rafiki yako, labda ni ndugu yako, anayeapa kwamba hakuwapo chumbani. Kikulacho ki nguoni mwako.

KAZI YA MTUNZI

Basi mtunzi mwema humtengenezaje mlaghai? Tukiitazama michezo hii yote twaona kanuni tatu. Kwanza, mlaghai ni lazima atoe msaada wa kweli mwanzoni. Polito alitoa tuzo, na Atlas alionyesha njia zilizo sawa. Uongo usiochanganywa na kweli haumezeki. Pili, ni lazima viwepo vidokezo, yaani alama ndogo za kweli zilizofichwa mahali pa wazi. Mtu akiucheza BioShock mara ya pili, husikia yale maneno ya adabu kila mahali, naye hujishika kichwa. Mtunzi asiyeacha kidokezo amemwonea mchezaji, maana hakumpa nafasi ya kujua. Tatu, baada ya hila kufunuliwa, mchezaji apewe nafasi ya kufanya jambo: kupigana, kutoroka, au kuchagua tena. Hadithi inayomdhihaki mtu na kumwacha hapo haimfundishi kitu.

YATUHUSU NINI?

Sasa nalirudia lile swali la kwanza. Mwaka uleule wa 2007, wakati vijana wa ng'ambo walipokuwa wakidanganywa na Atlas na GLaDOS, nchini Kenya ilianza huduma ya kutuma fedha kwa simu, na mwaka wa 2008 ikaanza Tanzania. Huduma hiyo imetufaa sana. Lakini walaghai nao waliiona. Wangapi kati yetu tumepata ujumbe usemao, "Ile pesa itume kwenye namba hii"? Wangapi tumepigiwa simu na sauti ya upole, ikisema yatoka ofisini, tena kwa adabu nyingi: "Mzee wangu, tafadhali, bonyeza hapa. Sasa bonyeza pale. Sasa nitajie namba yako ya siri"?

Mnaisikia sauti hiyo? Ni ileile. Imekaa katika kiti cha mkuu. Yatoa maagizo, nasi vitufe vimo mikononi mwetu. Haituibii kwa mkono wake, bali kwa mkono wetu. Ndiyo maana mtu aliyeibiwa hivyo huona haya kuliko aliyevunjiwa mlango, akanyamaza. Asinyamaze! Yule wa ukutani hakunyamaza, aliandika, na maandishi yake yakamwokoa aliyekuja nyuma. Nawe ukidanganywa, mwambie jirani, mwandikie ndugu aliye mbali.

Wala siwaambii mkatae kila sauti. Asiyemsikiliza mtu yeyote hawezi kujifunza, hawezi kutibiwa, hawezi hata kuuliza njia. Nawaambia mfanye kama yule mchezaji aliyeshikilia kutazama chumba alichoambiwa ni kitupu. Mtu akikuhimiza kwa simu, mwambie, "Ngoja kwanza." Usome ujumbe tena, polepole, neno kwa neno. Tazama namba iliyouleta. Nenda ofisini mwenyewe ukaulize, au umwulize unayemjua kwa sura.

Na mimi ninayesema nanyi ni sauti ya redioni pia, hamnioni. Ndiyo sababu somo hili limechapwa. Mnaweza kulisoma upya, mkalipima, mkabishana na mwalimu wenu darasani. Nitafurahi mkifanya hivyo.

Kwa leo tukomee hapo. Kwaherini, mpaka juma lijalo.

MASWALI

1. Kwa nini mtu asiyejua kusoma hakuweza kucheza Adventure?
2. Mwizi wa Zork alikuwa mlaghai au sivyo? Toa sababu.
3. Eleza kwa nini mchezaji wa Metal Gear alimwamini amiri wake.
4. Maandishi ya ukutani katika Portal yalisema kweli yote? Eleza.
5. Katika Undertale, ungefanyaje ulipomwona Toriel baada ya kudanganywa na ua?

KAZI YA NYUMBANI

Andika sentensi tano kumwonya ndugu yako juu ya hila ya simu uliyoisikia au iliyokupata wewe mwenyewe. Somo lijalo, msomee mwenzako, naye akueleze kama ameelewa.